Walioitegea Sikio Ufaransa

Tarehe 14 Oktoba 1670, katika kasri la Chambord, Mfalme Louis XIV na watu wa baraza lake walitazama kwa mara ya kwanza tamthilia mpya ya Molière, Le Bourgeois gentilhomme. Mhusika wake mkuu, Bwana Jourdain, ana fedha nyingi na hamu kubwa ya kufanana na makabaila. Anamwajiri mwalimu wa falsafa, na somo lenyewe linaanza na irabu. A hutoka kwa kufungua kinywa wazi. E hutoka kwa kusogeza taya la chini karibu na la juu. Kwa U, meno yakaribiane bila kugusana, kisha midomo itokezwe nje. Jourdain anashangilia kila irabu kana kwamba amepewa lulu, na ukumbi mzima unacheka.

Lakini alichofundishwa hakikuwa upuuzi. Molière alikichota karibu neno kwa neno katika kitabu cha mwanafalsafa Géraud de Cordemoy, Discours physique de la parole, kilichotoka mwaka 1668. Maelezo ya U ni sahihi mpaka leo. Mwanafunzi wa Bukavu au Nairobi anayeanza Kifaransa huambiwa jambo lilelile: weka ulimi mahali pa “i”, usiuondoe, kisha viringa midomo kama unayetaka kutamka “u” ya Kiswahili. Hapo ndipo inapotoka irabu ya “tu”, yaani wewe. Ulimi ukirudi nyuma, neno linageuka “tout”, yaani yote. Na “rue”, barabara, inakuwa “roue”, gurudumu.

Elimu hiyo ilikuwapo, basi, tangu karne ya 17. Kilichokosekana ni mtu wa kuitumia kwa maneno ya watu wa kawaida.

Waliotawala matamshi ya Kifaransa wakati huo waliuliza swali jingine kabisa: nani anasema vizuri? Mwaka 1647 Claude Favre de Vaugelas alijibu kwamba matumizi mema ni ya sehemu iliyo bora ya baraza la mfalme. Karibu miaka mia moja kabla yake, Louis Meigret alikuwa amejaribu njia tofauti. Sarufi yake ya mwaka 1550 iliandikwa kwa tahajia inayofuata sauti, herufi kwa sauti, lakini wachapaji na wasomi hawakumfuata, na Kifaransa kikabaki na tahajia yake ya kale.

Hata hivyo, watu hawakungoja ruhusa ya wakubwa. Maneno kama “roi”, mfalme, yalitamkwa barazani kwa sauti iliyo karibu na “rwe”, huku watu wa kawaida wa Paris wakisema “rwa”. Mapinduzi ya mwaka 1789 yalipoliangusha baraza, matamshi yake yaliporomoka nalo, na “rwa” ya mitaani ndiyo inayofundishwa leo duniani kote. Mwaka 1794 Abbé Grégoire aliliarifu bunge la mapinduzi kwamba Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawakuijua lugha ya taifa, na kwamba walioizungumza kwa ufasaha hawakuzidi milioni 3. Kwake yeye lahaja za vijijini zilikuwa kitu cha kufutwa. Ilichukua karibu karne nzima kabla ya wasomi kuzifuata ili wazisikilize.

Mmoja wao alikuwa padri. Jean-Pierre Rousselot alizaliwa mwaka 1846 huko Saint-Claud, katika Charente, magharibi mwa Ufaransa. Alipotafuta mada ya tasnifu yake hakwenda kwa waandishi mashuhuri. Alirudi kwa watu wa nyumbani. Kazi hiyo, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilichunguza usemi wa familia moja tu ya kijiji cha Cellefrouin, familia yake mwenyewe, na mama yake akiwa miongoni mwa waliosikilizwa. Aligundua kwamba hata ndani ya ukoo mmoja wazee hawatamki kama vijana, na kwamba mabadiliko hayo hupita bila wasemaji wenyewe kuyatambua.

Kwa kuwa sikio huchoka na huweza kudanganywa, Rousselot alitaka ushahidi unaoonekana kwa macho. Chombo chake kikuu kilikuwa kimografu: silinda iliyozungushiwa karatasi iliyopakwa masizi, ikizunguka kwa mwendo usiobadilika. Msemaji aliweka mpira mdomoni na mwingine kwenye tundu la pua, na pumzi yake ikatikisa sindano nyembamba zilizochora mistari myeupe juu ya masizi. Akisema “beau”, yaani zuri kwa sura, sindano ya mdomo inacheza na ile ya pua inatulia. Akisema “bon”, yaani jema, zote mbili zinacheza, kwa maana kaakaa laini limeshuka na hewa inapita pia puani. Irabu za puani, ambazo mwanafunzi yeyote wa Kifaransa hupambana nazo tangu juma la kwanza, zikawa mstari juu ya karatasi.

Chombo cha pili kilikuwa rahisi zaidi. Kaakaa la bandia, jembamba na lililotengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mhusika, lilipakwa unga mweupe na kuvalishwa kinywani. Msemaji alitamka silabi moja, “ta” au “ka”, kisha kaakaa likatolewa. Ulimi ulipogusa, unga ulikuwa umefutika. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba “t” ya Kifaransa hutamkwa ulimi ukiwa umeegemea meno, na msemaji wa Kiswahili anaweza kujikagua mwenyewe alinganishe. Mwaka 1897 Rousselot alipata maabara katika Collège de France, na mwaka huohuo akaanza kuchapisha kitabu chake kikubwa cha misingi ya fonetiki ya majaribio.

Wakati padri akihangaika na masizi, mwalimu mmoja wa Kiingereza jijini Paris alikuwa na shida nyingine. Paul Passy, aliyezaliwa mwaka 1859, alikuwa mwana wa Frédéric Passy, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa watu wawili waliopata Tuzo ya kwanza ya Nobel ya Amani mwaka 1901. Paul aliona kwamba tahajia inawapoteza wanafunzi kabla hawajaisikia lugha. Kwa Kifaransa ushahidi uko kila mahali: “eau” ni maji, “haut” ni juu, “aux” ni kwa hao, na yote matatu ni irabu moja tu, “o”. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kusoma kila herufi iliyoandikwa, hukwama hapo mara moja.

Mwaka 1886 Passy na kikundi kidogo cha walimu wa lugha walianzisha chama ambacho leo kinajulikana kama Jumuiya ya Kimataifa ya Fonetiki. Jarida lao liliandikwa lote kwa alama za sauti. Tangu mwaka 1889 liliitwa Le Maître phonétique, na desturi hiyo ya kuandika kwa alama iliendelea hadi mwaka 1970. Mwaka 1888 chama kilitoa alfabeti yake ya kwanza pamoja na kanuni zake. Kanuni ya kwanza ilikuwa na uzito kuliko zote: kila sauti inayoweza kubadili maana ya neno ikiwekwa mahali pa nyingine katika lugha ileile ipewe herufi yake.

Hapo fonetiki, elimu ya sauti zenyewe, ilifungua mlango wa fonolojia, elimu ya kazi ya sauti hizo katika lugha. Kimografu kinaweza kuonyesha tofauti elfu za pumzi na mtetemo. Kanuni ya Passy inauliza ni zipi zenye kazi. Mfaransa anayetamka “r” kwa ncha ya ulimi na anayeitamka kooni wanasema neno lilelile, “rue”. Hao wanatofautiana kwa sauti, si kwa fonimu, yaani sauti inayobadili maana. Lakini irabu ya “rue” na ya “roue” ni fonimu mbili, kwa sababu ukibadilisha moja kwa nyingine umesema kitu kingine. Mwanafunzi aliyelielewa hilo anajua pa kutia nguvu zake. “R” ya ncha ya ulimi haimpotezi mtu. Ndiyo aliyofundishwa Bwana Jourdain mwaka 1670, na ndiyo inayosikika bado katika Kifaransa cha sehemu nyingi za Afrika. “U” ya midomo iliyoviringwa, kwa upande mwingine, haina mbadala.

Msikilizaji wa tatu hakuwa msomi wa chuo. Edmond Edmont alikuwa muuza vyakula wa Saint-Pol-sur-Ternoise, kaskazini mwa Ufaransa, mwenye sikio kali ajabu. Jules Gilliéron, mtaalamu wa lahaja mzaliwa wa Uswisi, alimchagua kwa sababu hiyo hasa. Kati ya mwaka 1897 na 1901 Edmont alizunguka Ufaransa, safari nyingine akiwa juu ya baiskeli, akafika mahali 639. Kila alipofika alimketisha mwenyeji, akamuuliza maswali kutoka daftari la mamia ya maneno na sentensi, akaandika kwa alama za sauti jibu la kwanza alilolisikia, bila kulisahihisha. Kutokana na madaftari hayo Gilliéron alichapisha Atlas linguistique de la France, kati ya mwaka 1902 na 1910, yenye ramani zaidi ya 1,900. Lahaja ambazo Grégoire alitaka zizikwe zilipata kitabu kikubwa kuliko kilichowahi kuandikwa kuhusu matamshi ya wakubwa.

Kijijini ndiko ilikotoka pia kanuni ambayo wanafunzi wengi huijua bila kujua asili yake. Mwaka 1894 Maurice Grammont, akichunguza lahaja ya Damprichard karibu na mpaka wa Uswisi, aliandika kuhusu ile “e” hafifu ya Kifaransa. Aliona kwamba hudondoka pale inapoacha konsonanti mbili tu, na hubaki pale ambapo kuondoka kwake kungezikutanisha tatu. Ndiyo maana Jumamosi, “samedi”, husemwa “sam’di”, lakini Ijumaa, “vendredi”, huishika “e” yake. Kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kuiacha “e” idondoke ni kazi ngumu kuliko kuitamka, na ndiyo hatua inayomfanya aanze kuwaelewa Wafaransa wanapozungumza kwa kasi.

Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja. André Martinet, mwanaisimu aliyezaliwa mwaka 1908, alikamatwa na kufungwa katika kambi ya maofisa wa Kifaransa nchini Ujerumani. Kambini hapakuwa na kimografu wala maktaba, ila palikuwa na wanaume kutoka kila pembe ya Ufaransa, na muda mrefu usio na kazi. Mwaka 1941 aliwagawia wafungwa wenzake orodha ya maswali: je, unayatamka maneno haya mawili sawasawa au tofauti? Maofisa 409 walijibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1945 katika kitabu La prononciation du français contemporain.

Majibu yaliionyesha lugha ikibadilika. Kifaransa kilihesabiwa kuwa na irabu nne za puani, na walimu walizikusanya katika maneno “un bon vin blanc”, yaani divai nzuri nyeupe. Lakini tofauti kati ya “brin”, unyasi, na “brun”, rangi ya kahawia, ilikuwa imara kusini na imelegea Paris. Katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu mabadiliko ya sauti Martinet alieleza sababu: jozi za maneno zinazotegemea tofauti hiyo ni chache mno, hivyo wasemaji hupoteza kidogo wakiiacha. Mwaka 1973 yeye na Henriette Walter walitoa kamusi ya matamshi iliyojengwa juu ya usemi wa watu 17. Neno lililotamkwa kwa namna kadhaa liliandikwa kwa namna zote hizo.

Kazi ya Passy na wenzake ilifika Afrika mapema. Daniel Jones, Mwingereza aliyesoma kwa Passy, alishirikiana na Sol Plaatje wa Afrika Kusini kutoa mwaka 1916 kitabu cha kusomea Kisetswana kwa alfabeti ya kimataifa. Mwaka 1928 ikatoka Alfabeti ya Afrika, iliyojengwa juu ya alama hizohizo, na baadhi ya lugha za Afrika Magharibi zinaandikwa kwa herufi zake hadi leo. Kiswahili kilibaki na “ng’” na “ny” zake. Mwanafunzi wa Goma au Bujumbura hahitaji kufundishwa konsonanti ya katikati ya “agneau”, mwanakondoo, kwa sababu anayo tayari katika “nyama”.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Jacques Durand, Bernard Laks na Chantal Lyche wameongoza mradi wa kurekodi fonolojia ya Kifaransa cha leo, na safari hii vinasa sauti vimefika pia Côte d’Ivoire, Burkina Faso na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kila anayerekodiwa husoma orodha ya maneno, husoma makala fupi, kisha huzungumza kwa uhuru. Jozi ya mwisho katika orodha hiyo ni “brun” na “brin”, na msemaji wa Bangui anasikilizwa kwa utaratibu uleule na msemaji wa Paris.