Kilo 400 za Probox: historia ndefu ya gari dogo la mizigo Igalula

Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua barabara ya lami ya Nyahua–Chaya, kipande cha kilomita 85 kilichounganisha lami ya Tabora na ile ya Itigi na Manyoni. Miezi miwili baadaye gari ambalo sasa limejaa katika barabara hiyo lilitimiza miaka 20 tangu litoke kiwandani Japani: Toyota Probox. Hakuna aliyelifanyia sherehe. Hata hivyo, kwa watu wa Igalula, lami na gari hilo ni habari moja.

Igalula ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, na ina stesheni kwenye Reli ya Kati. Treni hupokea watu na magunia, lakini haiingii vijijini. Asali, mpunga, karanga na maembe lazima vitoke shambani kwa chombo kingine, kwanza kwenye njia za udongo, kisha kwenye lami hadi Tabora. Kazi hiyo hugawanywa kati ya baiskeli, bodaboda, kirikuu na gari dogo lenye paa lililonyooka hadi nyuma na mlango mmoja mkubwa unaofunguka kwenda juu.

Gari hilohilo ndilo linalogombaniwa. Likibeba abiria huitwa mchomoko. Wenye mabasi hulalamika kwamba linawachukulia abiria njiani, trafiki hulisimamisha kwa kuzidisha watu, na abiria hulitetea kwa sababu ndilo linalofika mahali ambapo basi halifiki. Katika ubishi huo kuna swali linaloachwa kando: gari hili liliundwa libebe nini, na anayelinunua mkononi anapata nini kwa fedha yake?

Swali la uzito si geni Unyamwezi, eneo hili la Tabora. Njia ya misafara kutoka pwani ilipita Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kufika Kazeh, palipo Tabora ya leo. Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, anawaeleza wapagazi hao wa Kinyamwezi kama wafanyakazi wa ujira waliojua thamani ya kazi yao. Walijadiliana mshahara, posho na uzito wa mizigo, na msafara ulioendeshwa vibaya waliukimbia au waliugomea. Kwa maneno mengine, kikomo cha mzigo kilijulikana na kulindwa na mbebaji mwenyewe karne moja na nusu kabla ya trafiki kusimama barabarani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Malori na Land Rover zikafuata.

Gari dogo la mizigo na familia lilipata heshima yake kwa njia nyingine, na hapa historia inapita kwenye mashindano. Mwaka 1953 madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mbio za kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mbio hizo ndizo baadaye zilizojulikana kama Safari. Jambo la kukumbukwa ni jinsi magari yalivyopangwa miaka ile ya mwanzo: makundi yalifuata bei ya gari dukani, si ukubwa wa injini. Lililoshindaniwa lilikuwa swali la kila mnunuzi wa Afrika Mashariki: kwa fedha hii, gari gani litafika? Volkswagen ndogo, gari la bei nafuu, ilifanya vizuri kuliko zote mwaka huo wa kwanza, na watu hawakusahau.

Mwaka 1963 jibu lilikuja kwa ukali zaidi. Magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff ilikuwa mbele yao wote. Kisha ikaja zamu ya Tanzania. Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mwaka 1966 na kurudia mwaka 1967, mara zote mbili kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walilirudisha kombe kwa gari la aina hiyohiyo, na kwa mara nyingine ni magari 7 tu yaliyofika, kati ya zaidi ya 90 yaliyoanza. Mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, kwenye tope ambalo mkulima wa mbuga za Uyui angelitambua mara moja.

Ushindi huo unastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa leo. Vijana wengi wanaoshabikia magari wanajua Safari ya Kenya ya siku hizi, lakini ni wachache wanaojua kwamba mshindi wa mara mbili mfululizo alitoka Dar es Salaam, au kwamba mashindano hayo wakati mmoja yalikuwa mali ya nchi tatu.

Gari lililoshinda lilikuwa saluni, lakini sifa zake zilihamia kwa ndugu yake wa mgongo mrefu. Peugeot 504 ilipofuata mwaka 1968, na toleo lake la stesheni wagoni likatoka muda mfupi baadaye, wahandisi hawakuongeza buti tu. Walirefusha nafasi kati ya matairi ya mbele na ya nyuma kutoka meta 2.74 hadi 2.90, wakaweka ekseli ngumu nyuma na springi 4 mahali pa 2. Toleo la familia lilikuwa na safu tatu za viti. Nchini Kenya Peugeot hizo zilikuwa usafiri wa abiria ulioheshimiwa kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa. Kilichozifanya zidumu kwenye kazi hiyo ni hesabu ya kiwandani: kila mtu aliyeongezwa alikuwa na springi iliyowekwa kwa ajili yake.

Tanzania ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilibadili hesabu zote. Mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni zikakauka, vita vya Kagera vya 1978–79 vikala akiba iliyobaki. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Spea ya Peugeot ikawa kitu cha kusafiri kukitafuta. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa, gari lililoingia lilikuwa la mtumba, na lilitoka Japani.

Japani ilifaa kwa sababu mbili. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, hivyo usukani uko upande unaotakiwa. Tena, sheria ya ukaguzi nchini mwao humlazimisha mwenye gari dogo la mizigo kulipeleka kukaguliwa kila mwaka baada ya miaka miwili ya kwanza, kwa gharama inayomfanya aliuze lingali na nguvu. Corolla za mgongo mrefu zilitangulia. Julai 2002 Toyota ikaitoa Probox kuchukua nafasi ya Corolla hizo za kazi, pamoja na pacha wake Succeed.

Probox haikuchorwa kumpendeza mtu. Ilikusudiwa mfanyakazi wa mauzo wa Japani anayeshinda ndani ya gari: kuna kimeza cha kuvuta kwenye dashibodi, kioo cha nyuma kimesimama karibu wima, na viti vya nyuma vikilazwa sakafu inakuwa sawasawa. Urefu wa toleo lake la kwanza haufiki meta 4.2. Toleo la mizigo lina kikomo kilichoandikwa na kiwanda: kilo 400 likiwa na watu wawili, kilo 250 likiwa na watu watano. Ukizigawa kilo 400 hizo kwa mzigo wa mpagazi wa zamani, unapata mizigo 12 na ziada, nusu siku kutoka shambani hadi sokoni badala ya siku kadhaa.

Namba hizo mbili ndizo zinazopaswa kuwa moyo wa ubishi wa mchomoko. Watu watano wazima na mizigo yao tayari wanakaribia mwisho wa uwezo wa gari. Akiongezwa wa sita, wa saba na mwingine kwenye buti, breki na springi za nyuma zinafanya kazi ambayo hakuna mhandisi aliyezipangia. Tofauti na Peugeot, hapa hakuna springi ya ziada iliyowekwa kwa ajili yao, isipokuwa ile anayoiongeza fundi baadaye. Springi ngumu huinua mkia wa gari, lakini haiongezi breki.

Thamani ya gari hili kwa mnunuzi ni kubwa hata hivyo, na chanzo chake ni injini. Probox nyingi zilizoko nchini zina injini ya cc 1,500 aina ya 1NZ, ileile iliyomo kwenye IST na magari mengine madogo ya Toyota. Inatumia cheni ndani badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda. Fundi wa Tabora anaifahamu, na spea zake ziko kila duka. Hii ni faida ambayo Peugeot haikuwahi kuwa nayo mbali na miji mikubwa. Gari zuri ambalo spea yake iko Dar es Salaam ni gari ghali kwa mtu wa Igalula, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Lakini soko la mkononi lina mitego, na wauzaji wanaitegemea. Wa kwanza ni herufi za namba. Madalali hutangaza gari kuwa ni namba D au namba E kana kwamba hiyo ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Herufi huonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Probox ya mwaka 2004 inaweza kubeba namba mpya kabisa, na mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi kwa anayejali kuusoma. Mtego wa pili ni kilomita za kwenye dashibodi, ambazo huchezewa. Kiti cha dereva kilichobonyea, usukani uliong'aa na pedali zilizoliwa mpira husema kweli zaidi.

Wa tatu ni historia ya kazi. Matundu ya boliti kwenye sakafu ya nyuma yanaonyesha viti viliwahi kuongezwa. Mlango wa nyuma usiokaa sawa, matairi ya nyuma yaliyolika upande mmoja na springi zisizofanana ni dalili za mchomoko uliostaafu. Zulia likiinuliwa, kutu na harufu ya samaki huonyesha gari lililopakia samaki wabichi au wa chumvi, na maji yake hula bati kutoka chini. Moshi wa bluu asubuhi, injini ikiwa baridi, ni oili inayoungua, kasoro inayofahamika kwa injini hizi zikizeeka. Gari likiwashwa kabla mnunuzi hajafika, dalili hiyo hupotea.

Mzigo mmoja umepungua. Tangu bajeti ya 2017 ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, mnunuzi harithi tena deni la aina hiyo. Faini za barabarani bado zinafuata namba ya gari, na kuziangalia kwa simu kabla ya kulipa ni jambo la dakika chache.

Miaka ya karibuni ina machache ya kusimuliwa. Toyota iliibadilisha Probox sana mwaka 2014, ikaongeza toleo la haibridi mwaka 2018, na mwaka 2020 ikaacha kuitengeneza Succeed.

Kinachoudhi ni kwamba kati ya Igalula na bandari si rahisi kupata pahali ambapo mkulima aliyeuza mpunga wake anaweza kupeleka gari la mkononi likapimwa na mtu asiye na maslahi na muuzaji. Ukaguzi wa gari la mtumba unahusu kuingia kwake nchini. Likiuzwa kwa mara ya pili na ya tatu, mnunuzi wa kijijini ameachiwa macho yake na neno la dalali. Tabora ina chuo cha VETA chenye vijana wanaojifunza ufundi. Halmashauri ya Uyui na manispaa ya Tabora zinaweza kukubaliana nacho kuwe na siku maalumu za kupima magari kwa ada ndogo: breki, springi, sakafu, moshi, na karatasi moja yenye matokeo. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, nayo ingeweza kudai karatasi hiyohiyo kabla mchomoko wowote haujaruhusiwa kubeba abiria, na kuandika kilo 250 mlangoni ambapo abiria anaziona. Haraka inahitajika, kwa sababu haibridi za 2018 zinazidi kuzeeka na kushuka bei huko Japani, na betri iliyochoka haionyeshi moshi wala kutu.