Nyumba Inayofuata Upepo
Kijijini Bourn, Uingereza, nilikikuta kinu cha upepo kimezingirwa na jukwaa la mafundi. Rekodi yake ya kwanza ni hati ya mauzo ya 1636. Na si mapanga tu yanayozunguka: nyumba nzima, pamoja na mawe ya kusagia, imekaa juu ya nguzo moja. Msagaji aliisukuma kwa mti mrefu wa nyuma mpaka iukabili upepo. Mwaka 2021 mbao zinazoibeba zilipatikana zimeoza, ndiyo maana zikawekwa mpya.

Sasa, bado ni kinu kile kile? Kwangu, ndiyo. Mbao huoza, hubadilishwa. Kinachorithiwa ni ujuzi wa kuzibadilisha. Huo ukipotea, hata mbao za 1636 zitabaki kuni tu.