Mbegu za Akiba katika Nchi ya Masasi na Newala

Wasomaji wa habari za kale hupenda kusikia vita, na majina ya wakuu, na miaka ya kujengwa makanisa. Leo twataka kunena juu ya kitu kilichokuwa kikining'inia jikoni wakati mambo hayo yote yalipotendeka, yaani mbegu. Nchi hii ya Masasi na Newala imechomwa moto zaidi ya mara moja, nasi twaona kwamba hasara kubwa ya moto ule haikuwa nyumba. Nyumba hujengwa kwa miti na udongo, navyo viko tele.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja, akapanda bara kwa njia ya Lindi pamoja na watu wapatao 55 waliofunguliwa katika utumwa. Nia yao ilikuwa kwenda mbele kuelekea Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa. Ilikuwa Novemba, mvua zikikaribia. Mtu aliyekamatwa utotoni akauzwa pwani aweza kuikumbuka lugha ya mama yake, lakini mbegu za mama yake hanazo. Basi watu hawa, waliokuwa huru, walianza shamba lao bila urithi wowote wa kutia ardhini. Sharti kila punje waipate kwa wengine.

Miaka 6 haikupita sana. Septemba 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, waliushambulia mji, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Mwaka 1883 Chauncy Maples akaihamishia misioni Newala, penye ulinzi wa mkuu Matola. Baadaye misioni ilirudi Masasi pia.

Newala ni mahali pengine kabisa. Juu ya uwanda wa Wamakonde hakuna mto. Udongo wake mwekundu wenye mchanga hunywa maji yote ya mvua, na tangu zamani wanawake walishuka mabondeni kuteka, wakapanda tena na mitungi kichwani. Vichaka vizito viliwaficha watu wasipatikane na wateka-watumwa, lakini kiu ndiyo iliyokuwa bei ya maficho hayo. Nani angemwagilia bustani kwa maji ya namna hiyo? Mvua ya kwanza ikinyesha siku tatu kisha ikakatika, miche yote hufa. Kwa hiyo mwenye akili hakupanda mbegu zake zote kwa mara moja. Alipanda nyingine, akaacha nyingine kichanjani zingoje.

Kichanja hicho kilikuwa juu ya mafiga, na kazi yake ilikuwa ya akina mama. Mahindi ya mbegu yalichaguliwa kwanza, kabla ya ya kula, yakafungwa mawili mawili kwa maganda yake na kutundikwa katika moshi. Vivyo hivyo masuke ya mtama. Moshi huzikausha punje, na masizi huwachukiza wadudu. Kunde na choroko zilichanganywa na majivu yaliyochekechwa, zikatiwa kibuyuni, na mdomo ukazibwa kwa gunzi na udongo. Majivu hujaza nafasi iliyo kati ya punje na punje, fukusi asipate njia, tena humkwaruza na kumkausha. Njugu mawe na karanga ziliachwa katika maganda yake. Nao Wamakonde, Wamakua na Wayao wote huhesabu ukoo upande wa mama, na mara nyingi binti aliyeolewa alikaa karibu na mamaye. Basi mbegu nazo hazikusafiri mbali. Wanaume walijisifu kwa ghala, lakini uzao wa ghala ulitoka jikoni.

Mwisho wa Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walifika Masasi. Wamisioni wakakimbia, majengo yao yakachomwa. Hayo husimuliwa sana. Yasiyosimuliwa sana ni yale yaliyofuata. Wadachi, walipoona ni vigumu kuwakamata watu porini, waliharibu vijiji, mashamba na maghala katika nchi za kusini zilizoasi. Kapteni mmoja, jina lake Wangenheim, aliandika Oktoba mwaka ule kwamba vita peke yake haitatosha, bali njaa ndiyo itakayowashinda watu.

Ghala likichomwa, njaa ni ya mwaka mmoja. Kichanja kikichomwa pamoja nalo, mwaka wa pili mvua huja, jembe lipo, mikono ipo, wala hakuna cha kupanda. Serikali ya Wadachi ilihesabu waliokufa kuwa 75,000; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria baadaye kwamba walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Katika miezi kama ile mama husikia mtoto akilia usiku, na juu ya moto yananing'inia mahindi mawili. Sisi hatuthubutu kumlaumu aliyeyashusha. Katika Mwanzo 47 Wamisri walipomwendea Yusufu hawakuomba chakula tu, waliomba na mbegu. Naye akawapa, kwa sharti la kuleta sehemu ya tano ya mavuno. Huku kusini hapakuwa na Yusufu.

Hata hivyo tusiyasifu mno ya kale, kwani si kila kitu cha akiba ni kizima. Muhogo hauna punje ya kuhifadhi. Twapanda vipande vya shina, na ugonjwa wa shina hupandwa pamoja nalo. Mwaka 1936 bwana Storey, mtaalamu wa Amani katika Usambara, aliueleza ugonjwa wa michirizi kahawia. Ubaya wake ni hila: majani yaweza kuonekana mazuri, kumbe mzizi umeoza ndani. Kwa hiyo achaguaye mashina asitazame majani tu. Na ang'oe shina, akate mizizi yake, aone nyama yake. Akikuta kahawia, mashina yale asiyapande wala asimpe jirani.

Mahindi nayo hupokea vumbi la maua kwa upepo. Ukipanda karibu na mahindi chotara ya dukani, yako yatachanganyika. Nayo chotara yenyewe, ukiyaweka mbegu, mwaka wa pili hutoa mashina yasiyolingana. Lakini karanga hujichavusha zenyewe, kwa hiyo huzaa mfano wa mama yao. Mwaka 2009 watu wa utafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walitoa aina mpya wakaziita kwa majina ya huku kwetu: Masasi, Nachingwea, Mangaka, Mnanje, Naliendele. Aliyezipata mara moja aweza kuziweka miaka kadhaa bila kurudi dukani, mradi achague mashina yasiyo na ugonjwa, azikaushe vema katika maganda yake, na asizibambue mpaka wiki ya kupanda.