Biryogo: Mtaa Uliowekewa Mipaka



Katika darsa zetu za tarehe, wanafunzi wakisikia "mtaa wa Waislamu" hudhani kuwa watu walichagua wenyewe kukaa pamoja, karibu na msikiti na madrasa. Mara nyingi ni kweli. Biryogo, ndani ya Nyamirambo mjini Kigali, haikuwa hivyo, na tumeona bora familia zetu zijue kisa chake.

Kigali iliasisiwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani na wachuuzi kutoka upande wa Tanzania ya leo, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili. Waarabu na Wahindi nao walifungua maduka. Msikiti wa al-Fatah, ambao watu huuita msikiti wa kijani, ni wa mwaka 1913.

Wabelgiji walipoishika nchi mwaka 1916, hali iligeuka. Skuli zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na Muislamu alitazamwa kama mgeni hata kama mama yake ni Mnyarwanda. Waislamu wakatengewa sehemu yao, ikaitwa kambi ya Waswahili, na kutoka humo kulihitaji ruhusa. Mzazi aliyetaka mwanawe asome alichaguzwa baina ya dini na kalamu. (Wazazi wanaolalamika leo kuwa madrasa iko mbali, hapo pana la kuzingatia!) Ndiyo maana wengi wakawa madereva, mafundi na wafanyabiashara wadogo, kazi zisizouliza cheti. Hata baada ya uhuru wa 1962 neno "umuswahili" liliendelea kutumika kwa maana ya mjanja asiyeaminika.

Lakini ndani ya mipaka ile Mhutu na Mtutsi waliswali safu moja, wakaoana, watoto wao wakasoma ubao mmoja. Ujirani huo ulijengwa kwa sahani za futari na kwa maziko, kidogo kidogo, miaka mingi kabla ya mtihani wenyewe kufika.

Mtihani ulifika Aprili 1994. Katika siku takriban 100 waliuawa Watutsi, na Wahutu waliopinga mauaji, zaidi ya 800,000. Biryogo na Nyamirambo pia zilimwaga damu. Hatutawadanganya watoto wetu kwamba Waislamu wote walikuwa wema: wapo walioshiriki, na wapo Waislamu waliouawa. Hata hivyo wengi walikataa. Waliwaficha majirani vyumbani na misikitini, Waislamu na wasio Waislamu, huku wakijua kuwa anayeficha naye huuawa. Tunapofundisha aya ya 36 ya Suratun-Nisaa, inayotaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, huwa tunasimama hapo na kuwasimulia Biryogo.

Baada ya mauaji watu wengi Rwanda walisilimu, baadhi yao wakisema ni kwa sababu ya waliyoyaona kwa majirani hao. Idul-Fitri ni siku ya mapumziko kitaifa, na mwaka 2017 Kiswahili, lugha ya ile kambi, kilifanywa lugha rasmi ya nchi.

Mwaka 2021 baadhi ya barabara za Biryogo zilifungwa magari. Zimepakwa rangi, meza zimetolewa nje, na familia kutoka pande zote za Kigali huja jioni kunywa chai pale ambapo zamani mtu alihitaji ruhusa kutoka.