Gari limezimwa lakini bado lalia: Jinsi ya kutafuta chanzo cha mlio

GARI likizimwa na ufunguo kutolewa, wengi hudhani limelala hadi asubuhi. Hata hivyo, si ajabu mwenyewe kusikia mlio gizani: tik-tik chini ya sakafu, mvumo wa feni, mfoko wa upepo au mkwaruzo ndani ya boneti.

Mjini Kegonga, makao ya Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, suala hili si dogo. Mji huo ulio karibu na mpaka wa Tanzania hulaza teksi, matatu na malori yanayofuata mahindi na tumbaku mashambani. Usiku wa nyanda hizo za juu ni mtulivu na wenye baridi, na mlio ambao jijini Nairobi ungemezwa na kelele za barabara husikika waziwazi.

Fauka ya hayo, magari mengi nchini huingizwa yakiwa yamekwisha kutumika Japan. Kanuni ya KS 1515:2000 ya Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa (KEBS) hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Aghalabu kijitabu cha maelezo hupotea njiani au huwa kimeandikwa kwa Kijapani, na mnunuzi hubaki akibahatisha.

Kubahatisha huko ndiko hasara. Fundi asiyeelezwa mlio ulianza lini na wapi hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine, na mwenye gari hulipia vyote ilhali mlio ungalipo.

Gari lililozimwa hubaki na mambo matatu ndani yake: joto, umeme na shinikizo. La nne huingia bila kualikwa, nalo ni kiumbe hai. Karibu kila mlio wa gari lililoegeshwa hutokana na mojawapo ya hayo manne, na kazi ya msakaji ni kupambanua ni lipi.

Kwanza, nani yumo ndani?

Kabla ya kufikiria vipuri, ni sharti kuchungulia ndani ya gari, chini ya viti na ndani ya buti. Mgongo au mgoto unaosikika huenda ni wa mtoto aliyejifungia akicheza, au mnyama aliyesahauliwa.

Wakazi wa maeneo yenye baridi wasijidanganye kwamba gari lao haliwezi kuua kwa joto. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kuwa hata siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi 22 pekee, joto ndani ya gari lililofungwa juani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 zaidi katika saa moja. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika dakika 30 za kwanza, na kufungua dirisha kidogo hakukusaidia sana.

Mtoto akiwa amefungiwa juani na ufunguo haupo, kioo kivunjwe, tena kile kilicho mbali naye. Kioo hununuliwa.

Ikiwa gari ni la mtu asiyejulikana na lina dalili za kutilia shaka, lisiguswe. Umma usogee mbali na polisi wapigiwe simu kwa nambari 999 au 112.

Saa ni shahidi wa kwanza

Baada ya hapo, swali kuu ni hili: mlio ulianza muda gani baada ya injini kuzimwa? Mlio wa dakika za mwanzo una jamaa zake, na ule wa usiku wa manane una wake. Inafaa kuandika saa ulipoanza, ulidumu kwa muda gani, na kama unarudi kwa mpango au ovyo. Simu ya mkononi inaweza kuunasa ili fundi ausikie kesho yake.

Shahidi wa pili ni mahali, naye huweza kupotosha. Sauti husafiri katika chuma kwa kasi inayozidi mara kumi ile ya hewani, hivyo kinacholia nyuma chaweza kusikika kana kwamba kiko kwenye dashibodi. Njia nzuri ni watu wawili kushirikiana, mmoja ndani na mwingine nje akizunguka pembe zote nne.

Mwaka wa 1816, daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba ili asikilize moyo wa mgonjwa, na huo ukawa mwanzo wa kile kifaa cha madaktari. Kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa nusu mita, ncha moja sikioni na nyingine ikipitishwa polepole karibu na vyuma, hufanya kazi iyo hiyo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Feni ya umeme ya rejeta yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata gari likiwa limezimwa. Kwa hivyo mkono, shati lililolegea au kitambaa visikaribie feni hiyo wakati injini ina moto.

Joto

Mlio wa tik-tik unaosikika mara tu gari linapoegeshwa, ukipungua kasi kidogo kidogo hadi kunyamaza, kwa kawaida ni wa bomba la moshi. Chuma hupanuka kikipata moto na husinyaa kikipoa. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 2 likipoa kwa nyuzi 300 hupungua urefu kwa takriban milimita 7. Kwa kuwa limefungwa kwa vishikizo na kuzungukwa na mabati ya kuzuia joto, hujivuta kwa vipande, na kila kivuto hulia. Usiku wa baridi huharakisha hali hiyo. Mlio huu si ugonjwa.

Mchemko au mbubujiko ndani ya rejeta ni jambo jingine. Katika mwinuko wa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi, wala si 100. Kifuniko cha rejeta huongeza shinikizo ili maji yasichemke mapema. Kifuniko kikilegea au maji yakipungua, mchemko husikika baada ya safari ya milima. Kifuniko hicho kisifunguliwe kamwe kabla ya injini kupoa, maana maji hufoka na kuunguza uso na mikono.

Umeme

Feni ikiendelea kuvuma kwa dakika kadhaa baada ya safari ndefu, huo ni utaratibu wa kiwandani katika magari mengi. Ikiwa inavuma usiku kucha, huenda relei yake imeshikana. Relei ni swichi ndogo inayowashwa na umeme, na ikichoka hushindwa kujiachia.

Yapo pia magari, hususan yaliyoundwa kwa soko la Marekani, yenye kipampu kinachojiwasha muda wa saa 5 hivi baada ya gari kuzimwa ili kukagua kama mvuke wa petroli unavuja. Huvuma kwa dakika kadhaa kisha hunyamaza. Wengi wamelitilia gari shaka ya pepo, kumbe linajikagua.

Mlio wa tak-tak wa haraka mtu anapojaribu kuwasha gari asubuhi ni kilio cha betri iliyoishiwa. Hapo ndipo hesabu inapofaa. Gari zima lililolala halipaswi kutumia zaidi ya ampea 0.05 au karibu na hapo. Kwa kiwango hicho, betri ya ampea-saa 45 ingechukua zaidi ya mwezi kuisha. Hitilafu inayonyonya ampea 1 huimaliza chini ya siku mbili, na feni ya ampea 10 huimaliza kwa saa 4 na nusu.

Magari ya abiria yana hatari zaidi kwa sababu ya nyaya zilizoongezwa baadaye. Tangu kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, magari hayo yalilazimika kuwa na vidhibiti mwendo. Ukiongeza redio, king'ora na kifaa cha kufuatilia gari, kila kiungo kilichofungwa vibaya ni mlango wa kupoteza umeme, na pengine wa kuzua moto.

Shinikizo

Mfoko wa mfululizo, kama wa nyoka aliyekasirika, ni hewa au gesi inayotoka. Kwenye tairi, maji ya sabuni yakipakwa penye vali na kuzunguka mpira hutoa povu mahali penye pancha.

Kwenye lori lenye breki za upepo, mfoko huo usipuuzwe. Pssh moja dereva anapofunga breki ya kuegesha ni ya kawaida. Inayoendelea ina maana kwamba matangi yanaisha upepo. Breki za kuegesha hushikwa na springi zenye nguvu upepo ukiisha, lakini springi hizo zinaweza kuwa zimechakaa au zimefunguliwa na fundi. Nchini Marekani, anayetahiniwa leseni ya lori moja lisilo na trela hutakiwa kuonyesha kwamba, injini ikiwa imezimwa na breki zikiwa zimekanyagwa, shinikizo halishuki kwa zaidi ya pauni 3 kwa dakika moja. Dereva yeyote anaweza kujipima hivyo kwa saa ya mkononi na geji ya dashibodi. Katika mji wa miteremko, mawe chini ya tairi hayana mbadala.

Ikiwa gari limebeba mtungi wa gesi ya kupikia na mfoko unaambatana na harufu, kusiwashwe chochote: si injini, si taa, si kiberiti. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Milango ifunguliwe, watu waondoke, na mtungi utolewe nje baada ya harufu kutawanyika.

Betri nayo ikitoa sauti ya kuchemka na harufu ya mayai viza, imechajiwa kupita kiasi. Hewa ya haidrojeni inayotoka humo hulipuka kwa cheche moja, na anayevuta sigara akae mbali.

Kiumbe hai

Mkwaruzo usio na mpango, unaonyamaza mtu anapokaribia, kwa kawaida una miguu. Panya hupenda boneti yenye joto, na gari linalolala kando ya ghala la mahindi ni jirani yao. Meno yao ya mbele hukua maisha yao yote, na ni lazima wayapunguze kwa kutafuna, nyaya zikiwemo. Vinyesi, maganda ya nafaka na vipande vya plastiki chini ya boneti ni ushahidi tosha.

Paka huingia humo kwa sababu iyo hiyo. Kampuni ya Nissan nchini Japan ilianzisha kampeni mwaka wa 2015 kuwahimiza madereva kubisha boneti kabla ya kuwasha gari ili paka atoke. Ushauri huo unafaa Kegonga sawa na Tokyo.

Mvumo mzito wa nyuki usitatuliwe kwa moshi wa karatasi wala petroli. Mara nyingi kundi linalohama hutua kwa siku moja au mbili kisha huenda zake. Likikaa zaidi, mfugaji nyuki aitwe.

Hata buibui wana lawama zao. Mwaka wa 2011, kampuni ya Mazda iliita makumi ya maelfu ya magari yake huko Marekani Kaskazini kwa sababu buibui walikuwa wakifuma utando katika bomba la mvuke wa petroli.

Jaribio la kuamua

Mlio ukiwa bado unaendelea na chanzo hakijulikani, lipo jaribio moja lisilo na gharama. Kwanza ihakikishwe kwamba hakuna harufu ya petroli, gesi wala mayai viza, na betri haichemki. Kisha waya wa betri wa upande hasi, wenye alama ya kutoa, ufunguliwe kwa spana. Mlio ukikoma papo hapo, mshukiwa ni umeme. Ukiendelea, umeme hauna hatia, na msako urudi kwa joto, shinikizo au kiumbe. King'ora na kifaa cha kufuatilia gari chenye betri yake pekee havifuati kanuni hii.

Umeme ukithibitika, waya urudishwe na fyuzi zitolewe moja moja, kila moja ikirejeshwa mahali pake kabla ya kugusa inayofuata. Fyuzi inayonyamazisha mlio ndiyo inayoonyesha njia. Kamwe isibadilishwe kwa kubwa zaidi wala kwa kipande cha waya, kwa kuwa fyuzi hukatika ili gari lisiungue. Kwenye magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, nyaya nene za rangi ya machungwa zisiguswe na asiye fundi wa kazi hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayekwenda kwa fundi mjini Kegonga, Kehancha au Migori akiwa na karatasi inayosema mlio ulianza saa ngapi, ulitoka wapi, ulilia vipi na ulifanya nini betri ilipofunguliwa, amekwisha kufanya nusu ya kazi. Fundi naye hana haja tena ya kufungua kisichohusika.