Utazamaji wa kulastara na yangeyange

Utazamaji wa kulastara na yangeyange ni kazi ya hiari ya kuwatambua, kuwahesabu na kuandika habari za ndege wa familia ya Ardeidae mahali wanapoishi: mikokoni, mabwawani, mashambani, hata katikati ya mji. Wanaoifanya si lazima wawe wanasayansi. Ni walimu, wavuvi, wanafunzi, wakulima na waongoza wageni, wenye darubini au macho matupu, na daftari. Makala haya yanahusu zaidi Afrika Mashariki, ambako ramani za mtawanyiko wa ndege zimejengwa kwa kiasi kikubwa na watu wa namna hiyo, wasiolipwa chochote.

Majina na utambuzi

Kwa kawaida kulastara ni wale wakubwa wa kijivu, weusi au wa hudhurungi. Yangeyange ni weupe. Ngojamaliko ni wale wanaojificha matetini. Matumizi ya majina hayo hubadilika kutoka pwani hadi bara, kwa hiyo mtazamaji makini huandika na jina la kisayansi. Wote huruka wameikunja shingo, ilhali korongo, kwarara na domomwiko huinyoosha. Alama hiyo huonekana hata ndege akiwa mbali sana angani, na humwondolea anayeanza nusu ya mashaka yake.

Kulastara ni mwalimu mzuri kwa sababu hutulia. Shorewanda hatulii, kitwitwi hukimbia, lakini kulastara akivizia samaki humpa mtu nafasi ya kutazama mdomo, macho, miguu na vidole, na kuandika kabla hajaondoka. Mkubwa kuliko wote duniani, Ardea goliath, hufikia kimo cha mita 1.5 hivi, na kwenye ukingo wa ziwa huonekana kama mtu aliyesimama majini. Kulastara kichwa-cheusi (Ardea melanocephala) hahitaji hata maji: hutembea polepole mashambani na viwanjani akiwinda panya, panzi na mijusi.

Ugumu wote uko kwa weupe, na hapo ndipo watazamaji wengi hukosea kwa kutojali. Huandika “yangeyange 20” na kupita. Hao 20 wanaweza kuwa spishi nne. Yangeyange mdogo (Egretta garzetta) ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano. Yangeyange wa ng'ombe (Bubulcus ibis) ni mfupi, mnene wa shingo, mwenye mdomo wa njano, naye hufuata ng'ombe, nyati, tembo na siku hizi matrekta ili adake wadudu wanaoshtuliwa majanini. Yangeyange mkubwa (Ardea alba) hutofautishwa na yule wa kati kwa jambo dogo: mstari wa kinywa chake hupita nyuma ya jicho, ilhali wa mwenzake hukoma chini ya jicho. Pwani anaongezeka Egretta dimorpha, ambaye baadhi yao ni weupe pepe na wengine weusi wa kijivu, hata kundi moja likaonekana kama mchanganyiko wa ndege wawili wasiohusiana.

Gharama ya kuuchukulia weupe kuwa ni weupe tu ilionekana Marekani. Yangeyange wa ng'ombe alivuka Atlantiki kutoka Afrika na kufika Amerika Kusini mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1952 mpiga filamu mmoja huko Florida aliwanasa kwenye kamera akidhani ni yangeyange wa kienyeji wa nchi ile. Ilipotambuliwa katika jimbo la Massachusetts mwaka huohuo kwamba mgeni ameingia, ndipo filamu ilipotazamwa upya na ndege wakajulikana ni akina nani. Mwaka uliofuata walikutwa wakizaa Florida.

Kalenda ya pepo

Mtazamaji wa pwani ya Waswahili ana kalenda anayoijua tangu utotoni: kaskazi na kusi. Wakati wa kaskazi, ndege waliozaa Ulaya na Asia wanakuwa wamejaa kwenye tope la Hori ya Mida, mlango wa Mto Sabaki na delta ya Rufiji. Wakati wa kusi wengi wao hawapo, na watu wengi huziweka darubini zao kabatini. Hilo ni kosa, kwa sababu kusi ndiyo huleta kulastara wa Madagaska (Ardeola idae), aliye hatarini kutoweka. Huyu huzaa Madagaska na visiwa vichache vya jirani, kisha takriban kuanzia Mei hadi Oktoba hukaa Afrika Mashariki na ya Kati. Anapozaa huwa mweupe mwenye mdomo wa buluu, lakini anapokuwa huku amevaa hudhurungi yenye michirizi, akifanana mno na Ardeola ralloides aliye wa kawaida kwenye mabwawa yetu. Michirizi ya mgeni ni mipana na myeusi zaidi, na mdomo wake ni mzito. Anayemtafuta hana budi kumkagua kila “wa kawaida” mmoja mmoja. Picha moja yenye tarehe na mahali, hata ya simu, ina thamani kubwa kwa ndege huyu.

Historia kwa ufupi

Katika karne ya 19 yangeyange waliuawa kwa wingi sehemu nyingi za dunia kwa ajili ya manyoya marefu wanayoyaota wakati wa kuzaa, yaliyopamba kofia za wanawake wa Ulaya na Marekani. Wanawake ndio walioinuka kupinga: Emily Williamson karibu na Manchester mwaka 1889, kisha Harriet Hemenway na Minna Hall huko Boston mwaka 1896. Vyama walivyoviasisi viliwafundisha watu kumpenda ndege akiwa hai.

Uingereza ndiko iliko sensa kongwe kuliko zote za aina moja ya ndege. Mwaka 1928 Max Nicholson, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliwaomba watu wa kawaida wahesabu viota vya kulastara kijivu (Ardea cinerea), na kazi hiyo haijakoma. Kwa sababu takwimu zilikuwepo tangu awali, iliwezekana kuonyesha kwamba baridi kali ya 1962 na 1963 ilipunguza ndege hao kwa takriban nusu, na kwamba baadaye waliongezeka tena.

Afrika Mashariki, chama cha historia asilia kiliundwa Nairobi mwaka 1909. Matembezi ya Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa, ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971, yamewafungulia mlango watazamaji wengi wa Kenya. Siku hizi mradi wa Kenya Bird Map unaigawa nchi katika viraba vya kilomita 9 kwa 9 hivi. Mtu huchagua kiraba, hutembea humo saa mbili au zaidi, na kuorodhesha kila spishi kwa mfuatano wa alivyoiona.

Kuhesabu

Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika Januari, wasafiri wakiwa wametulia. Kundi kubwa huhesabiwa kwa mafungu: hesabu kumi, uone kumi inachukua nafasi gani, kisha upime kundi zima kwa fungu hilo. Ufukweni ni lazima kujua maji. Siku za bamvua, maji yakijaa, ndege husogea na kubanana mahali pachache pakavu. Yakipwa hutawanyika hadi upeo wa macho. Hesabu ya maji kujaa hailinganishwi na ya kupwa, kwa hiyo hali ya maji huandikwa pamoja na saa. Sifuri nayo huandikwa. Bwawa lililotembelewa likakutwa tupu ni habari, na bila sifuri hizo hakuna atakayejua ndege waliondoka lini.

Viota vinataka adabu zaidi. Kulastara na yangeyange huzaa pamoja juu ya miti, mara nyingine ndani ya mji, na kinyesi chao hukausha matawi na kuwaudhi walio chini, hata miti ikakatwa makinda yangali humo. Mtazamaji huhesabu kutoka mbali. Mzazi akishtuliwa, jua au kunguru humaliza makinda haraka.

Hesabu iliyo rahisi kuliko zote ni ya jioni. Yangeyange wa ng'ombe hurudi kulala kwa mistari, kila jioni kwenye miti ileile, na mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja aweza kuhesabu kila kundi linapoingia, akiandika saa pembeni. Mistari hupungua giza likikaribia. Kisha kutoka miti hiyohiyo, au ng'ambo ya maji, husikika mlio mmoja mkavu: kulastara wa usiku (Nycticorax nycticorax) anatoka kwenda kuvua, naye huandikwa wa mwisho.