IR8: mpunga uliozaa sana, wali wake ukagomewa

Ndugu mkulima, hasara ya mpunga kulala unaijua. Unaweka urea, mpunga unarefuka, masuke yanajaa, halafu mvua moja ya upepo inaulaza wote majini. Tatizo hilo ndilo lililowashughulisha watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI) huko Los Baños, Ufilipino.

Mwaka 1962 Peter Jennings alichanganya Peta, mpunga mrefu wa Indonesia, na Dee-geo-woo-gen, mpunga mfupi wa Taiwan. Kizazi cha kwanza kilitoka kirefu chote. Mwingine angekata tamaa hapo, kumbe ufupi ulikuwa umejificha tu. Kizazi cha pili walipanda miche kama 10,000, na takriban robo yake ikawa mifupi. Mirefu na iliyochelewa kukomaa ikatupwa. Mbegu za kila mche uliobaki zikapandwa kwenye mstari wake peke yake, kazi ambayo Henry Beachell aliiendeleza, mpaka mche wa 3 wa mstari wa 288 ukateuliwa.

Mwaka 1966 S. K. De Datta akaupima kwa viwango mbalimbali vya mbolea. Ulitoa hadi tani 9.4 kwa hekta, yaani kama tani 3.8 kwa ekari, na haukulala! Novemba mwaka huo ukapewa jina la IR8. Wakulima walikuja kwa basi, baiskeli na miguu kuchukua kilo 2 za mbegu.

Sasa mfanyabiashara sikiliza. Punje zake zilikuwa na weupe kama chaki, zikavunjika chenga mashineni, na wali ukipoa unakuwa mgumu. Sokoni bei ikawa ya chini. Wadudu na magonjwa nao wakaupenda. IRRI ikarudi kazini, na mwaka 1969 ikatoa IR20 yenye punje bora zaidi.

Kwetu, SARO 5 (TXD 306) iliyotolewa mwaka 2002 ilizingatia pia mlaji: ni fupi kuliko Supa, na ina harufu kiasi, ndiko jina lilikotoka.

Ukiletewa mbegu mpya, usiipe shamba zima. Panda jaruba moja kando ya mbegu yako ya kawaida, siku moja, mbolea ileile. Ukivuna, koboa kila moja peke yake uhesabu chenga, kisha pika na uache kiporo hadi asubuhi.